UZI: Owyhee, mto wa maji ya kasi unaopita kwenye uwanda wa lava. Umelindwa katikati, kichwani na mkiani una mabwawa

KasiaLaBoise (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa maisha ya Marekani kuna mdau aliuliza kama huku Idaho kuna kitu zaidi ya viazi na baridi, nikaahidi kuwaletea mto mmoja, sasa vuteni viti. Unaitwa Owyhee, tamka Owai-hii, uko kusini magharibi ya mji wa Boise pale majimbo matatu yanapopakana, Nevada, Idaho na Oregon. Ukiangalia ramani eneo hilo ni tupu kabisa, vijiji vya kuhesabu, lami ya shida, ni uwanda wa juu mkavu wenye vichaka vya rangi ya majivu mpaka macho yanachoka, unaendesha gari saa nzima unajiuliza sasa hapa mto utapita wapi. Ghafla ardhi inapasuka mbele yako, unachungulia, na sehemu nyingine ni zaidi ya mita 300 kwenda chini ndio unaona maji.

Kwa hiyo futeni kichwani ile picha ya mto wa bondeni wenye mashamba kulia na kushoto. Huu umejichimbia. Uwanda wote ule ni mazao ya volkano, tabaka juu ya tabaka, nyingi za miaka kama milioni 15 hivi, basalti nyeusi na raiolaiti yenye wekundu, na mto umekata humo kwa humo mpaka ukabaki kwenye korongo ambalo mahali pengine kuta zinaanzia majini, hakuna hata pa kusimamisha mguu. Na volkano hazikuacha kazi mapema. Miaka kama elfu 70 iliyopita lava ya volkano moja inaitwa West Crater ilimwagika ikaingia ndani ya korongo lenyewe ikaziba mto, maji yakajaa nyuma yakawa ziwa, na taratibu mto ukakata njia upya. Haikuwa mara moja, wanajiolojia wamekuta alama za lava kuziba mto huu zaidi ya mara moja. Ukiwa chini kwenye boti unaziona zile lava changa nyeusi zimejibana pembeni ya miamba mikongwe, huhitaji shahada.

Sasa safari ya mto. Unaanzia milima ya kaskazini mashariki ya Nevada, na bado mchanga kabisa unakutana na bwawa la Wild Horse, la kwanza lilijengwa 1937 na hili la sasa ni la 1969. Kutoka hapo unaingia Duck Valley, ardhi ya kabila la Shoshone-Paiute, imekaa mpakani nusu Nevada nusu Idaho tangu 1877. Ukitoka kwao ndio unazama kwenye makorongo ya Idaho, unapokea tawi la kusini, unavuka kwenda Oregon, unafika Three Forks ambapo matawi mengine mawili yanaungana nao, halafu unashuka mpaka kijiji kinaitwa Rome, ndiyo, Rome, kwa sababu ya miamba ya udongo mweupe imesimama pale wazungu wakaona magofu ya Roma. Kutoka Rome ni korongo tena mpaka maji yanalala kwenye bwawa kubwa la Owyhee, na chini ya bwawa unapita mashamba ya vitunguu ukaishie mto Snake.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kwamba watu wanausifia kuwa mto wa porini uliolindwa, na ni kweli, lakini ulinzi ni wa katikati. Juu kuna bwawa, chini kuna bwawa, katikati hapo ndio hakuna anayeruhusiwa kugusa. Nitaendelea, nipo kazini.

MzeeWaNondo

Naweka kambi hapa. Mkuu hebu fafanua huo ulinzi, nani anaulinda na kwa sheria gani? Maana huku kwetu kulinda ni kuweka kibao.

KasiaLaBoise

Mzee wangu shikamoo. Marekani wana sheria ya mwaka 1968, Rais Johnson aliisaini Oktoba 2, ya mito ya porini na yenye mandhari. Walianza na mito 8, miwili humohumo Idaho. Kabla ya hapo nchi ilikuwa imeshika kichaa cha mabwawa, kila penye korongo injinia anaona zege. Sheria inasema mto ukishaingizwa kwenye orodha serikali kuu haitoi leseni ya bwawa la umeme hapo, haisaidii mradi wowote wa maji utakaouharibu, na wanachora eneo la ukingoni la kusimamia. Kuna madaraja matatu, la porini kabisa ambalo hakuna barabara inayofika ila njia za miguu, la mandhari, na la burudani ambapo barabara zipo.

Owyhee upande wa Oregon uliingizwa 1984, maili 120, sawa na kilomita 193, na wote ni daraja la porini. Upande wa Idaho umesubiri mpaka 2009 Obama aliposaini ule mswada mkubwa wa ardhi. Na hapa kuna hadithi tamu kidogo. Kaunti ya Owyhee ni ya wafugaji wa ng'ombe, watu wa kofia pana ambao serikali kuu ikitajwa tu wanatema mate. Mwaka 2001 wakaanza kukaa meza moja na watu wa mazingira, kabila la Shoshone-Paiute, watu wa kaunti na wengineo, miaka wanabishana, na seneta aliyeubeba mswada ni Mike Crapo wa Republican. Mwisho wakapata ekari 517,000 za pori lisiloguswa na maili 316 za mito, hapo ni Owyhee na ndugu zake Bruneau na Jarbidge pamoja na vijito vyake. Na wafugaji wakapata chao, ardhi nyingine karibu ekari laki 2 iliyokuwa imefungwa ikichunguzwa kama nayo iwe pori ikafunguliwa, na waliokubali kuacha vibali vya kulishia wakafidiwa. Hakuna aliyeondoka na yote, ndio maana mpaka leo haijavunjika.

Anayesimamia ni idara ya ardhi ya serikali kuu, BLM. Askari huwaoni ovyo. Unajiandikisha mwenyewe kabla ya kuingia majini, unabeba sinia la chuma la kuwashia moto ili usichome mchanga, na choo cha kubeba. Narudia, choo. Mnachotoa mwilini kwa siku zote mnatoka nacho kwenye kopo lililofungwa barabara, na kuna mmoja wenu atalibeba kwenye boti lake.

binti_wa_Makorora

Hapo kwenye choo ndio nimefunga safari yangu 🤣🤣 yaani nilipe nauli nikapigwe na baridi halafu nirudi na ndoo

KasiaLaBoise

😂 dada unazoea. Linakaliwa vizuri tu na mara nyingi ndio lenye mandhari kuliko sehemu yoyote ya kambi.

StimaHamna

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Mto unashuka kasi namna hiyo kwenye korongo jembamba, hiyo si sehemu ya bwawa kabisa? Sisi tumejenga Rufiji megawati 2,115 na wazungu walipiga kelele mbuga mbuga, kumbe kwao wana nafasi wanaacha watu wachezee maboti. Na wao wameshajenga kila mahali ndio sasa wanakumbuka kulinda.

KasiaLaBoise

Kaka hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Bwawa la Owyhee lilikamilika 1932, lina kimo cha mita 127, wakati ule lilikuwa refu kuliko yote duniani, na walilitumia kujaribia mbinu za zege walizokuja kutumia kwenye bwawa la Hoover. Kazi yake kubwa ni umwagiliaji, ziwa lake lina urefu wa maili 52, ule ukanda wa miji ya Nyssa na Ontario hapohapo Oregon unaoona vitunguu na viazi sukari mpaka upeo wa macho ni maji ya Owyhee hayo. Kwa hiyo ndiyo, wamekula kwanza halafu wakalinda kilichobaki.

Ila bei yake kuna aliyeilipa na siyo mkulima wa vitunguu. Kabla ya 1932 samoni walikuwa wanapanda kutoka baharini, wanapita Columbia, wanapita Snake, wanaingia Owyhee mpaka Nevada. Fikiria samaki wa baharini anafika Nevada jangwani. Watu wa Duck Valley walikuwa wanakula samaki hao. Ukuta ukafunga mlango mara moja, halafu mabwawa ya Hells Canyon kwenye Snake nayo yakaja kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 yakaweka kufuli la pili. Miaka ya karibuni kabila limekuwa likiletewa samoni kwa malori, wanamwagwa kwenye mto wao juu kule ili vijana waone jinsi babu zao walivyovua. Sasa ile sehemu nzuri ya katikati ambayo sheria inailinda, majini hakuna samoni hata mmoja anayejua njia. Mandhari yamelindwa, samaki hakulindwa. Mimi nikisoma vipeperushi vya utalii sioni hilo likitajwa kwa herufi kubwa.

Kuhusu kujenga sasa hivi, hata sheria ingeondolewa sidhani kama hesabu ingekubali. Nitaeleza kuhusu maji, subiri.

mtuwaJinja

Nyie ongeeni tu, sisi wa Jinja tunaelewa huu uzi kuliko wote. Maporomoko ya Bujagali kwenye Nile huku Uganda yalizama bwawa lilipoanza 2012, yalikuwa ndio chakula cha waongoza maboti. Makubaliano na Benki ya Dunia yalisema Kalagala hapo chini patunzwe kama fidia pasijengwe. Halafu likaja bwawa la Isimba 2019, megawati 183, maji yake yakarudi nyuma yakazamisha maporomoko mengine tena. Kwa hiyo kulinda kwa makubaliano na kulinda kwa sheria ya bunge si kitu kimoja. Vijana wangu walikuwa wanajua kila jiwe la Nile kwa jina, sasa wengine wako Dubai wanalinda mageti.

KasiaLaBoise

Mkuu wa Jinja umenigusa, na ulichosema ndio tofauti yenyewe. Huku ili uufungue mto inabidi bunge zima lirudi lipige kura, siyo waziri mmoja na barua.

Lakini hata huku haijaisha. Sheria inalinda mto na kipande cha ukingo. Ule uwanda unaozunguka upande wa Oregon, zaidi ya ekari milioni, Seneta Ron Wyden amekuwa akipeleka mswada wake tangu 2019. Na upande wa kusini kwenye mpaka wa Nevada kuna shimo la volkano ya kale inaitwa McDermitt, humo ndani kuna lithiamu ya betri za magari ya umeme. Mtaona hiyo vita itakavyokuwa.

Bukavu_ku_Boise

Jambo bandugu. Mimi naishi hapa Boise na familia na sijawahi kusikia huyu mto, na ni masaa mawili tu? Sisi wakimbizi tunajua njia ya kwenda kazini na ya kanisa. Sasa niulize, mtu anaingia mwezi gani? Na ni lazima ujue kuogelea?

KasiaLaBoise

Karibu sana ndugu yangu, tutafutane inbox. Ndiyo, mpaka Rome kwa barabara namba 95 ni kama saa mbili, unapita Marsing, Jordan Valley, halafu Rome yenyewe ni daraja, kituo cha mafuta na chakula na basi.

Sasa maji. Huku juu hakuna barafu ya kudumu wala ziwa la kuachia maji kwa ratiba kwenye ile sehemu ya maboti, kwa hiyo mto unaishi kwa theluji ya ule uwanda na milima michache. Theluji ikiyeyuka mto unajaa, kawaida Machi mpaka mwanzoni mwa Juni hivi, ikiisha umekwisha. Mwaka wenye theluji haba msimu unaweza kuwa wiki chache au usiwepo kabisa, watu wanakaa na maboti gereji. Kuna kipimo cha serikali pale Rome kinasoma maji muda wote na mtu yeyote anakiona kwenye simu, sisi kuanzia Machi tunakiangalia zaidi ya salio la benki. Wanapima kwa futi za ujazo kwa sekunde. Mwaka 1993 mto ulifika kama 50,000, mita za ujazo zaidi ya 1,400 kila sekunde zinapita kwenye ule ufa. Mwaka 1954 ulishuka mpaka 42, hicho ni kijito cha kuvuka kwa kukunja suruali. Mto huohuo. Sasa StimaHamna, jibu lako liko hapo, injinia wa umeme hapendi mto wa namna hii.

Kuogelea ujue, jaketi okozi huvui, na maji ni ya theluji, ukianguka Aprili baridi inakukata pumzi kabla hujameza maji. Sehemu ziko tatu. Ile ya juu ya Idaho mpaka Three Forks ni ya wataalamu, kuna mahali mnatoa maboti majini mnayabeba juu ya mawe. Ya kati, Three Forks mpaka Rome, ni fupi, kama kilomita 56, lakini ndio kali kuliko, kuna poromoko linaitwa Widowmaker, jina linajieleza, daraja la tano kwenye kipimo cha sita, wengi wanashusha boti kwa kamba wenyewe wakitembea pembeni. Ya chini, kutoka Rome mpaka Birch Creek, kama kilomita 77, ndiyo yetu sisi binadamu wa kawaida, daraja la pili na la tatu.

Otis_wa_Naks

Buda hebu tupe hio action yenyewe, historia tumeshika. Ukiwa ndani ya rapid unafanya nini?

KasiaLaBoise

Haya buda. Nichukue moja, Whistling Bird, iko sehemu ya chini. Kwanza unaisikia kabla hujaiona, korongo linarudisha sauti. Mnasimamisha maboti juu yake mnashuka kwa miguu kuangalia, na hapo ndio utajua nani muoga kwa sababu ghafla kila mtu anataka kukojoa. Tatizo lake ni bamba kubwa la mwamba lililobomoka kutoka ukuta wa kulia likaegemea majini, na mkondo wote, wote, unaelekea palepale. Maji yanaingia chini ya mwamba, boti likienda nayo linabanwa.

Sasa boti letu la mpira lina fremu ya chuma na makasia mawili marefu, mwendeshaji mmoja amekaa katikati, na siri ni kwamba hupigi makasia kwenda mbele. Unageuza pua ya boti iangalie kile kitu unachokiogopa, yaani unalitazama lile bamba uso kwa uso, na unavuta makasia kurudi nyuma kuelekea kushoto. Kuvuta kuna nguvu kuliko kusukuma, mgongo wote unafanya kazi, na ukirudi nyuma unapunguza kasi ya kushuka hivyo unapata muda. Unaanza mapema, mapema kuliko moyo unavyokuambia. Ukichelewa mivuto miwili tu huna tena cha kuamua, mto unaamua. Mkipita bamba linakupita upande wa kulia karibu mpaka unaona lile povu linanyonywa chini yake. Halafu maji yanatulia na watu wanaanza kupiga kelele za kishujaa.

Ila nisiwadanganye, muda mwingi hakuna hayo. Muda mwingi umekaa, kasia moja moja, kondoo pori wenye pembe za kukunja wanakuangalia kutoka juu ya mwamba, tai wa dhahabu, sehemu chemchemi za maji moto zinatoka pembeni unalowesha mgongo, mawe makubwa yamechorwa na watu wa kale. Nyoka wenye njuga mkiani nao wapo, ukitembea ukingoni angalia mkono unaposhika.

binti_wa_Makorora

Sasa nimeghairi kughairi. Hilo jina lakini si la Kizungu wala la Wahindi Wekundu, limetoka wapi?

KasiaLaBoise

Dada wenyewe wanapenda kuitwa kwa makabila yao, pale ni Shoshone na Paiute. Jina ni Hawaii, wakati ule wazungu ndivyo walivyoliandika. Kampuni za manyoya zilikuwa zinaajiri vijana wa Hawaii melini, na karibu mwaka 1819 Donald Mackenzie wa kampuni ya North West aliwatuma watatu waende kutega wanyama upande wa mto huu. Hawakurudi. Watoto wa kisiwani, wamezoea minazi na bahari ya joto, wamepotelea kwenye uwanda wa lava na theluji, na hata majina yao hakuna kwenye bango lolote nililoona njiani. Sisi tulioletwa huku na kazi tukiona hilo jina kwenye kibao cha barabara linatuingia kidogo.

Na kuna mwingine, Jean Baptiste Charbonneau, yule mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni na mama yake Sacagawea kwenye msafara wa Lewis na Clark, wale wapelelezi wa Kimarekani waliokwenda mpaka bahari ya Pasifiki, ambaye yuko kwenye sarafu ya dola ya mwaka 2000. Alikua, akaishi Ulaya, akachimba dhahabu California, na mwaka 1866 akiwa njiani kwenda Montana aliugua maeneo haya ya Owyhee akafia kwenye kituo cha Inskip, kaburi lipo Danner karibu na Jordan Valley.

Bukavu_ku_Boise

Asante ndugu, hiyo ya watu ba Hawaii imeniuma. Mimi niko na batoto wadogo, boti siwezi sasa. Kuna mahali pa kuona kwa gari tu? Gari yangu ni Corolla.

KasiaLaBoise

Ipo ndugu yangu, na Corolla inafika kukiwa kukavu. Nenda Leslie Gulch, ni barabara ya changarawe inashuka katikati ya minara ya mawe mpaka kwenye maji ya lile ziwa la bwawa, watoto watachoka kushangaa. Siku nyingine pita Jordan Valley, kuna ukuta wa pelota, mchezo wa kupigia mpira ukutani, waliojenga Wabaski wachunga kondoo, watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, mwaka 1915, halafu endelea Rome uone miamba ile ya udongo. Three Forks na Birch Creek achana nazo, zinataka gari la juu, na mvua ikinyesha udongo wa kule unashika tairi kama ugali wa muhogo, hata Land Cruiser inalala hapo.

Saa usibadilishe, ile kaunti ya Oregon karibu yote inafuata saa ya kwetu Boise. Mafuta jaza Marsing au Jordan Valley, beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani mnahitaji, mtandao ukishapita Jordan Valley usiutegemee, kwa hiyo mwambie mama watoto au mtu wa kanisani mtarudi saa ngapi. Na angalia mvua ya siku mbili za nyuma, siyo ya siku hiyo tu.